Chaki Mlangoni kwa Namalwa

Siku Namalwa alipoingia uani kwetu Kamwokya, redio zilizimwa. Hakuna aliyeambiwa azime. Msichana alisimama tu langoni, sanduku mkononi, godoro limefungwa kamba begani, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitana na mwenzake ng'ambo ya uwanja: "Mwenye nyumba yuko wapi?"

Kwao Gilgil, Kenya, hilo ni swali. Kwetu Kampala, likija kwa Kiswahili kilichonyooka namna ile, watu wanaanza kukumbuka jana walikuwa wapi na nani.

Wewe unayesoma haya ukiwa Tanga utaona naongeza chumvi. Kwako Kiswahili ni lugha ya mama mkwe na matangazo ya sabuni. Hapa wengi walikutana nacho kwenye kizuizi cha barabarani, kimevaa buti, kinasema shuka, kaa chini, toa kitambulisho. Wazee walikisikia zamani. Watoto wao wamekisikia juzi. Hata sisi, ukoo uliotoka pwani na misafara, tunaokisema tangu babu wa babu yangu, tunakisema ndani. Tukivuka kizingiti tunageuka Waganda, upesi kama mtu anavyogeuza kofia.

Mama yangu, Bi Hindu, ndiye mwenye vile vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango kuuzunguka ua. Alitoka jikoni na upawa mkononi.

"Ni mimi, mwanangu. Punguza sauti, hapa hatuna kiziwi."

"Shikamoo, mama," akajibu Namalwa, kwa sauti ileile.

Alipewa chumba kinachopakana na sebule yetu, ukuta mmoja katikati. Alikuwa amekuja kusoma diploma ya afya ya jamii, chuo kimoja upande wa Nsambya. Kwao maombi yake yalikuwa yamezungushwa ofisi hadi ofisi, mpaka shangazi yake akasema basi, nenda Uganda, mtoto wa jirani alisoma huko na karudi na kazi. Mpango ulikuwa huo peke yake: asome, amalize, arudi na cheti aajiriwe zahanati ya pale pale alipozaliwa. Mpango wa pili haukuwepo. "Nikirudi mikono mitupu," aliniambia, "shangazi atanichemsha na atatumia maji kidogo, niive polepole."

Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu pale langoni, pamoja na nusu ya diploma ya umeme, ambayo ilikatika katikati kama umeme wenyewe. Kwa hiyo kila aliyeingia na kutoka alipita mbele ya pua yangu.

Nikueleze Namalwa alivyokuwa, ili usiwalaumu watu bure. Baba yake ni mpishi katika kambi ya jeshi. Hajawahi kushika bunduki, silaha yake mwiko. Lakini mtoto aliyelelewa katika nyumba za kambi hutembea kama kambi: kidevu juu, hatua sawasawa, haangalii dimbwi, dimbwi ndilo linalomwangalia. Nywele alikuwa ananyoa zote kwa sababu ya joto. Viatu vya chuo ni vyeusi, vya kufunga, na alivipiga rangi kila asubuhi mpaka ungeweza kujinyolea ndevu ndani yake. Alfajiri alikimbia hadi soko la Kalerwe na kurudi, akipumua kwa kipimo. Halafu hakuwa na salamu. Mganda atakuuliza ulivyolala, watu wa nyumbani wakoje, na jana ilikuwaje, kabla ya kukuomba kiberiti. Namalwa alisema, "Habari. Wewe ndiye nani?"

Hata mimi ningemshuku, na mimi ndiye niliyemwonyesha bafu.

Miezi ya kwanza aliishi vizuri kupita wanafunzi wote wa kigeni niliowahi kuwaona. Kalerwe wauza nyanya walimpisha kwenye foleni. Waendesha boda hawakumzungusha. Lamunu, jirani yetu anayeuza mkaa, mwanamke ambaye anagombana hata na jua, alimchagulia vipande vikubwa bila kuombwa. Namalwa akampigia mama yake simu akiwa amekaa mbele ya kibanda changu: "Watu wa huku wana adabu, mama. Hakuna anayenisumbua. Wananiita jina la heshima, hata sijui kwa nini."

"Wanakuita nani?" nikamuuliza alipokata.

"Afande."

"Na wewe ukadhani ni kwa ajili ya viatu?"

Akanitazama. Nikamwambia. Mtaa mzima unaamini umetumwa, chuo ni kisingizio, sanduku lako lina vitu ambavyo si nguo. Alicheka mpaka akashika mbao za kibanda. "Mimi, mpelelezi? Zuhair, mimi funguo zangu mwenyewe zinanishinda kuzipata."

"Mpelelezi hodari ndivyo anavyosema."

Mama hakucheka. Jioni alimwita ndani, akamkalisha mkekani. "Sikiliza, mwanangu. Kiswahili ni cha humu ndani. Ukitoka, kiache mlangoni na kandambili."

"Na huko nje niongee nini, mama?"

"Nyamaza. Au jifunze Kiganda."

Akajifunza. Ikawa balaa zaidi. Mgeni asiyejua Kiganda anaweza kuwa mgeni tu. Lakini mtu wa viatu vile, anayesimama karibu na wanaozungumza, midomo ikifuatisha maneno yao kimyakimya, huyo kila mtu alijua anajifunza kwa ajili ya nini.

Mtu mmoja tu alimchukulia kama binadamu. Nasser, kinyozi, duka lake likitazamana na lango letu, na chumba cha familia yake kikiwa nyuma ya duka. Nasser alikuwa na mdomo ambao ungefaa uwe na leseni. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zinakaribia, kila ukuta una sura ya mtu anayetabasamu, na Nasser alikuwa na neno juu ya kila tabasamu. Ndiye aliyekuwa anamnyoa Namalwa.

"Afande wa Vyoo," alimwita, kwa Kiswahili chake cha mtaani. "Kaa hapa. Leo natoa nywele, kesho wewe natoa mimi."

"Nyoa, wewe. Ukinikata nakuandikia ripoti."

"Andika. Andika Nasser ni mbaya, iko na wivu ya kichwa yako."

Watu waliokuwa wakisubiri zamu hawakucheka. Walitazama sakafu, penye nywele. Mmoja aliondoka bila kunyolewa.

Jina la vyoo lilikuwa na sababu yake. Muhula ule chuo kiliwapa mazoezi ya mtaani: kila mwanafunzi achukue eneo analoishi, apite nyumba kwa nyumba, aulize wanalala wangapi, maji wanachota wapi, choo wanatumia kipi na familia ngapi. Bila mazoezi hayo hakuna mtihani wa mwisho, na bila mtihani unajua shangazi. Mwalimu aliwafundisha wakishamaliza nyumba waweke alama ya chaki mlangoni, vema ndani ya duara, ili wasirudie.

Nilimkuta mama anamsihi. "Omba eneo lingine, mwanangu. Omba hata huko Nsambya."

"Nimeomba, mama. Wamesema eneo ni unapoishi." Akafunga kamba za viatu. "Ni vyoo tu. Nani atakasirikia vyoo?"

Hakuna aliyekasirika. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mimi nilitegemea watu wangefunga milango na kujifanya wamelala. Wote walifungua. Walimpa stuli, walimpa chai, walijibu maswali yote na mengine ambayo hakuuliza. Aliporudi siku ya kwanza alikaa kibandani kwangu, akalegeza kamba za viatu.

"Vipi?"

"Nimemuuliza mzee mmoja choo chao kinatumiwa na watu wangapi. Akaniambia idadi. Halafu akasema kijana wa chumba cha pili hulala mchana na kutoka jioni, na ana marafiki wenye pikipiki."

"Ukasemaje?"

"Nikasema asante. Ningesema nini?"

"Ungesema hujauliza."

"Nilisema. Akaniambia najua hujauliza, afande."

Iliendelea hivyo. Aliuliza maji, akapewa majina. Aliuliza shimo la taka, akaambiwa nani anaficha fulana za chama gani chini ya godoro. Hakuandika hata moja, nina hakika; karatasi zake nilizisoma akiwa ameziacha kwangu, zilikuwa na vyoo, na kusema kweli vilikuwa vinasikitisha. Lakini sikio halina kifuniko. Alianza kuacha kukimbia alfajiri baadhi ya siku. Na nyuma yake, mlango hadi mlango, zile duara nyeupe.

Kwa Nasser alifika Jumatano asubuhi. Nilikuwa naona kutoka kibandani.

"Choo?" Nasser akasema kwa sauti ya barabara nzima. "Andika hapa hakuna choo. Hapa iko tu serikali."

Namalwa alicheka. Alichora alama yake kwenye mwimo wa mlango, Nasser akaongezea macho mawili na mdomo ndani ya duara, ikawa sura inayotabasamu. Akasema inafanana na mabango ya kampeni.

Baada ya swala ya alasiri gari dogo lisilo na namba lilisimama mbele ya duka. Vioo vyeusi. Waliteremka wanaume waliovaa kama watu waendao harusini, mashati yamepigwa pasi. Sikusikia kelele. Niliona tu Nasser akitoka katikati yao na shuka la kunyolea bado limefungwa mkononi mwake, na mteja akabaki kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Gari likaondoka taratibu, likatoa taa ya kuashiria linapinda kushoto, kama gari la mtu mstaarabu.

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulinuka sabuni. Watu walikuwa wanaosha milango.

Namalwa alirudi kutoka chuoni akakuta wanawake wamechuchumaa na vitambaa, na walipomwona waliacha kufuta, mikono ikabaki hewani. Hakuna aliyemkaripia. Afadhali wangemkaripia. Lamunu alisimama akampa njia, ndoo ya maji ya chaki miguuni, akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake: "Pita, afande. Sisi tunasafisha tu."

Asubuhi iliyofuata Zuleika, mke wa Nasser, alikuja uani amembeba kuku kwapani. Akapiga magoti mbele ya mlango wa Namalwa, kama wanawake wa huku wanavyompigia magoti mkubwa. Hakuwahi kumpigia magoti. Wiki iliyopita walikuwa wanachambua maharage pamoja.

"Afande, naomba wewe. Mtu yangu hana makosa. Ni mdomo tu. Rudisha yeye."

"Zuleika, inuka. Mimi si afande. Unanijua mimi."

"Najua wewe. Ndiyo naomba."

"Mimi ni mwanafunzi."

"Ndiyo, afande. Mwanafunzi." Akasukuma kuku mbele kidogo. "Watoto wanalia."

Mama alikuwa ametoka mlangoni kwetu. Alimtikisia Namalwa kichwa, kidogo tu: usijibu. Lakini ni vigumu kumwangalia mtu aliyepiga magoti mbele yako na kumwambia huna la kufanya. Kwao ukisema utauliza ni adabu, humaanishi kitu zaidi ya pole. Namalwa akasema, "Sawa. Nitauliza."

Zuleika aliinuka hapohapo, akajifuta magoti. Kuku alimwacha.

"Umesema nini wewe?" mama akanong'ona. "Umesema nini, mwanangu?"

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake, akaenda kuuliza. Nilimfuata kwa sababu mama alinisukuma. Kituo cha polisi cha karibu kilikuwa kimejaa watu waliokaa chini ukutani, wazazi, wake, wameshika mifuko ya chakula ambacho hakuna aliyekipokea. Namalwa alipita katikati yao hadi kaunta, kidevu juu, akasema kwa ile sauti ya uwanjani: "Namtafuta Nasser, kinyozi wa Kamwokya. Amechukuliwa jana. Yuko wapi?"

Askari aliyekuwa ameinamia simu aliinuka mpaka kiti kikaanguka.

"Karibu, afande. Kaa kwa kiti. Sisi hapa hatuna yeye, lakini tunaweza kupiga simu." Akaokota kiti, akakifuta kwa mkono. "Afande anatoka ofisi gani?"

"Sitoki ofisi yoyote."

"Sawa, afande," akasema, kwa heshima zaidi.

Niligeuka. Watu wa ukutani walikuwa wanatutazama. Watatu kati yao ni wa mtaa wetu. Nilimvuta Namalwa mkono tukatoka, na njiani sikuwa na utani wowote, nilitafuta hata wa bei rahisi nikakosa.

Nasser aliachiwa Ijumaa. Kwa nini, sijui mpaka leo. Huenda walimkosea mtu, huenda walichoka naye. Mdomo ule ungemchosha yeyote. Alishuka kwenye boda mbele ya duka, bila jeraha lolote la kuonekana, na shuka la kunyolea amelikunja vizuri chini ya kwapa. Zuleika alipiga kigelegele kimoja kisha akajiziba mdomo. Mtaa ukatazama mlango wa Namalwa.

Kesho yake Namalwa alikwenda dukani kwake. Nadhani alitaka asikie tusi moja tu ili dunia irudi mahali pake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi.

"Nasser, pole. Mimi sikufanya kitu, unajua. Wala kukukamatisha, wala kukutoa."

"Karibu, afande," Nasser akasema. Akapangusa kiti. Alimnyoa polepole sana.

"Niite Afande wa Vyoo," Namalwa akasema.

"Hapana, afande."

Tangu hapo ukawa mtindo mwingine. Mlangoni kwa Namalwa asubuhi tulikuta ndizi, mayai, na vikaratasi vidogo vilivyokunjwa ambavyo mama alivitia motoni bila kuvifungua. Watu hawakuosha milango tena. Badala yake, alama zilianza kuonekana ambako Namalwa hakuwahi kufika. Duara na vema kwenye mlango wa fundi cherehani ambaye mpangaji mwenzake alikuwa anagombea naye kibaraza. Nyingine kwa mwanamke anayesemwa kuwa na mume wa mtu. Chaki inauzwa kila duka la vifaa vya shule. Namalwa alizifuta alizoziona, kwa kiganja, akienda chuoni, na kila aliyemwona akifuta aliamini amemsamehe mwenye nyumba. Wakaanza kumshukuru.

"Nihame?" aliniuliza. Ulikuwa umebaki mtihani na kutiwa saini mazoezi.

"Uhamie wapi? Huko nako utaongea."

Jumapili moja mchana, mama akiwa anapepeta mchele uani, redio zilizimwa. Zote, kama siku ile ya kwanza. Niliinua macho kutoka kwenye simu niliyokuwa nimeifungua. Mwanaume alikuwa amesimama langoni, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, bibi," akamwambia mama, kwa Kiswahili safi kama chetu cha ndani. "Dada Namalwa yupo?"

Namalwa alitoka. Yule mtu akaomba stuli, akakaa mbele ya mlango wake, mapaja pamoja, kama mchumba aliyeletwa kujitambulisha.

"Tunasikia unafanya kazi nzuri hapa."

"Ni kazi ya chuo. Vyoo."

"Najua. Vyoo." Alitabasamu. "Watu wanakuambia mambo mengi."

"Wananiambia. Mimi siandiki."

"Usiandike. Kumbuka tu." Akatazama viatu vyake vilivyong'aa, akaridhika navyo. "Kibali chako cha mwanafunzi kinaisha mwezi ujao. Vibali vinachelewa sana siku hizi. Mtu anajikuta amerudishwa kwao kabla ya mtihani. Chako hakitachelewa. Wewe soma. Mimi nitakuwa nakupitia, tunakunywa chai, tunaongea."

"Na nikikataa?"

"Kukataa nini, dada? Sijakuomba kitu."

Aliinuka. Kwenye ukingo wa dirisha lililo kando ya mlango, kulikuwa na boksi la chaki. Alinyoosha mkono akachukua kipande, bila haraka, akachora mlangoni kwa Namalwa duara, na ndani yake vema, kwa mkono mzuri kuliko wa Namalwa mwenyewe.

"Ili wenzangu wasirudie," akasema. Akamuaga mama kwa heshima zote, akanipita kibandani. "Kijana, skrubu yako imeanguka." Kweli ilikuwa imeanguka.

Mama aliacha ungo, akachovya kitambaa kwenye ndoo, akaenda mlangoni.

"Usifute, mama," Namalwa akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea kwa sauti ya chini. "Wasipoiona watauliza aliyefuta ni nani."

Mama alisimama na kitambaa kikimchuruzikia miguuni. Kisha akarudi kwenye mchele wake.

Kibali kilitoka upesi. Mazoezi yalitiwa saini. Mwalimu alimsifu mbele ya darasa, maana katika wanafunzi wote ni yeye tu ambaye hakuna nyumba hata moja iliyokataa kumjibu. Aliwataka wenzake wajifunze kwake namna ya kuishi na jamii. Namalwa alinisimulia hilo akiwa amesimama mbele ya kibanda, bila kucheka, macho barabarani. Mtihani ataufanya. Cheti atakipata, shangazi atapika pilau. Yule mtu hupita baadhi ya Jumapili, hukaa kwenye stuli, huletewa chai. Wanachoongea sikisikii, siku hizi Namalwa anaongea kwa sauti ndogo.

Jioni ya ile Jumapili yule mtu alipokuja mara ya kwanza, niliacha kufunga kibanda nikasikiliza. Redio hazikuwashwa tena. Upande wa pili wa ukuta wa sebule yetu Namalwa alikuwa anatembea, hatua sawasawa, kwenda na kurudi. Mama alipakua chakula, akasimama mlangoni, ndani ya nyumba yetu wenyewe, mahali ambapo tangu babu wa babu yangu hatujawahi kuitana kwa lugha nyingine.

"Zuhair," akaniita kwa Kiganda, taratibu, "jjangu olye."

Nikaenda kula.